Kazi ya Kufunga Mlango

Shangazi yangu akiingia nyumba ya mtu anasalimia vizuri, anauliza hali ya watoto, anauliza kama miguu ya mwenye nyumba imeacha kuuma, lakini macho yake hayapo kwenye mazungumzo. Yanatafuta mahali pa kusimama. Akishapapata, na karibu kila mara ni katikati ya chumba, anatoa kijiti cha udi kwenye mkoba, anakiwasha na kuomba watu wanyamaze. Moshi unapanda wima kama uzi, halafu unapinda. Unapoanzia kupinda ndipo baridi inapoingilia. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi na bado vinyweleo vinanisimama, maana moshi ule hupinda kana kwamba kuna mtu amepita, na hakuna aliyepita.

Mtaani wanamwita Fundi Ziba. Alianza kama mshona nguo wa kawaida, cherehani moja mbele ya duka la mkaa. Mji wetu uko juu, nusu ya mwaka ni ukungu, na nyumba nyingi za huku ni matofali na bati tupu bila dari. Siku moja alichoka kuyatupa mabaki ya vitambaa, akayajaza kwenye viroba, akavishona vikawa kama godoro jembamba na kulitundika chini ya bati la chumbani kwake. Usiku ule, anasema, aliamka akatupa blanketi moja chini. Tangu hapo nguo mpya anashona kidogo, nyumba ndiyo anashona sana. Anatengeneza dari za viroba, makapu yaliyojazwa matambara ambayo unazika ndani yake sufuria iliyochemka na maharage yanaendelea kuiva bila moto, na nyoka.

Nyoka ni mfuko mrefu wa kitambaa, mnene kama mkono, unaolazwa chini ya mlango kuzuia upepo. Watu hucheka jina hilo mpaka walaze mmoja kwao.

"Mimi siuzi joto," huwaambia wateja. "Joto mnalo. Mnalo mwilini, mnalo kwenye sufuria. Mimi nalizuia tu lisitoroke."

Ana sharti moja kazini. Nguo yoyote kuukuu anayoletewa, kabla mkasi haujaigusa, anaing'oa vifungo vyote na kuvitia kwenye chupa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, maana vifungo haviharibu kitu vikiwa ndani ya dari. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvua viatu kabla ya kupanda kitandani.

"Nguo yenye vifungo," alisema, "bado inasubiri kuvaliwa."

Sharti hilo amelivunja mara moja tu, kwa Bibi Mkunga.

Bibi Mkunga anakaa nyumba ya kona, kwenye njia yangu ya shule. Si bibi yangu wa damu, ila ndiye aliyemzalisha mama yangu nilipokuja duniani, na ndiye aliyempokea shangazi pia miaka mingi kabla, kwa hiyo huwa anatuambia tusimringie, ametuona tukiwa hatuna hata nguo. Mimi ananiita mke mwenzangu. Mume wake alikuwa mwoka mikate. Alifanya kazi usiku kwenye tanuri la kiwanda cha mikate na kurudi alfajiri, miaka arobaini, hadi alipofariki mwaka juzi. Nyumba yao ni chumba kimoja kirefu, kitanda upande huu, mlango upande ule. Jiko liko nje kwenye kibanda.

Msimu wa baridi uliopita Bibi alilazwa wiki tatu kwa nimonia. Mwanawe, ambaye ni fundi friji katika mji mwingine, alikesha naye hospitali, na safari hii hakutaka kungoja. Alikuja mwanzoni mwa mwezi, akapigilia msumari ukutani juu ya kitanda na kutundika kipimajoto anachotumia kazini.

"Mama, nakupa mwezi huu," alisema. Shangazi na mimi tulikuwapo. "Jumapili ya mwisho nakuja asubuhi. Kikisoma chini ya digrii kumi na tano, unapanda gari twende kwangu. Sitaki kukuzika kwa sababu ya bati."

"Nimezaa mtu wa kuuza baridi," Bibi alisema, "leo ananihubiria joto."

"Nacheka na wewe, mama, lakini sitanii."

"Na mimi sitoki. Humu ndani nimeingia na mume wangu, na hajaniaga."

Mwanawe akamgeukia shangazi. "Dada, unaweza?"

"Naweza," alisema shangazi.

"Angalia sana mlango. Kwenye friji ugonjwa karibu wote ni mlango."

Asubuhi iliyofuata nikienda shule nilichungulia kipimajoto, kikasoma kumi. Shangazi alinipa kazi ya kupita kila siku kukisoma na kuandika nyuma ya daftari langu la fizikia, na mwalimu wangu akafurahi akidhani ni bidii. Shangazi akashona dari. Ilimchukua siku tisa, na viroba vilikula matambara yote aliyokuwa nayo, hata mapazia yetu ya zamani yalinusurika kwa bahati. Chini ya bati aliacha tundu dogo la hewa, maana nyumba isiyopumua, anasema, ni kaburi lenye kitasa. Siku ya kwanza baada ya dari kutundikwa, kipimajoto kilisoma kumi na nne. Siku ya pili kumi na nne. Ya tatu vilevile.

Ikabaki digrii moja. Moshi wa udi ulionyesha ilikokwenda. Ulilala chini kabisa, ukaenda zake kwa upole chini ya mlango, penye upenyo unaoingiza vidole vinne.

"Anatakiwa nyoka," shangazi alisema, "na mimi sina hata uzi wa kumjazia."

Bibi aliinuka polepole, akaenda kwenye msumari wa zamani uliokuwa karibu na kitanda, akalishusha koti la mumewe. Lilikuwa koti zito la kaki, refu hadi magotini, na ingawa lilitundikwa pale miaka miwili bado lilinuka hamira na moshi. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, hakulitia mkasi.

"Bibi, hili si la kukata."

"Kwani litavaliwa na nani? Wewe?"

"Nitapata matambara wiki ijayo."

"Jumapili hii mwanangu yuko hapa na gari. Kata." Kisha akaguswa na jambo, akashika kifungo cha juu. "Hivi viwili usivitupe. Mtie macho. Nyoka asiye na macho ananitia huruma."

Shangazi alisita. Nilimwona. Lakini ukishapokewa na mtu siku unayozaliwa, kumkatalia ni vigumu. Alikata koti vipande, akajaza nyoka, na kichwani akashona vile vifungo viwili vyeusi. Jioni ile ya Jumanne akamlaza chini ya mlango. Upenyo ukazibika wote. Akawasha udi, moshi ukasimama wima kabisa kama mtu aliyeitwa jina.

"Kesho ni kumi na sita," alisema.

Kesho yake ilikuwa kumi na moja.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nilipanda juu ya stuli nikatazama tena. Kisha ndipo nikaanza kuona mambo mengine ambayo nilikuwa nimeyapita. Mlango nilikuwa nimeusukuma bila kubisha, kwa sababu ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na ukungu ulikuwa unaingia taratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Nyoka hakuwa mlangoni. Alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda, upande wa nje, amenyooka, na macho yake mawili meusi yalikuwa yamemwelekea Bibi aliyekuwa bado usingizini.

Upande ule wa kitanda ulikuwa wa mzee.

"Sijamgusa," Bibi aliniambia alipoamka. "Mlango nilitia komeo. Mimi nikilala ni gogo, muulize marehemu."

Alhamisi ilikuwa kumi na moja tena. Mlango wazi kiganja kimoja, nyoka kando ya kitanda. Shangazi alikuja mchana, akamrudisha nyoka mahali pake, akawasha udi. Moshi haukutikisika hata kidogo. Kazi yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtisha. Alikaa kwenye stuli akimtazama yule nyoka, na yule nyoka naye akamtazama.

"Ilikuwa kumi na nne bila yeye," alisema kwa sauti ndogo. "Kaja kuzuia baridi, kaileta."

Muuza mkaa, jirani yake wa kazini, ambaye hakuna habari isiyopitia kwake, alipata la kusema. "Fundi Ziba, nasikia nyoka wako anatembea. Mfunge kamba basi, au mnunulie viatu."

"Wewe uza mkaa."

"Nauza kweli. Nyoka wako wakikaa mlangoni mimi nafunga duka. Wakitembea hivi, nakushukuru." Halafu akaacha kucheka. "Lakini bora umchome, mama. Nguo ya marehemu kuiwekea macho, mimi nisingelala."

Ijumaa ilikuwa kumi. Tulikuwa tumerudi pale pale tulipoanzia, na Bibi alikuwa ameanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo, kikavu, lakini shangazi alipokisikia alishika ukuta. Zilibaki asubuhi mbili.

Jioni ile alimpelekea Bibi kilo moja ya unga na chekecheo. Akamwomba akishatia komeo na kumlaza nyoka, anyunyize unga sakafuni akirudi nyuma kutoka mlangoni hadi kitandani, kisha apande na kulala.

"Nimepaka vichanga poda miaka thelathini," Bibi alisema, "sijawahi kupaka sakafu. Haya. Unatafuta panya?"

"Ninatafuta chochote."

Jumamosi hakuna shule, lakini niliamka mapema kuliko siku za shule. Tulitembea na shangazi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nyumba ya kona tuliifikia kwanza kwa mkono, halafu kwa macho. Mlango ulikuwa wazi kiganja kimoja.

Shangazi aliusukuma kwa kidole.

Unga ulikuwa umetanda chumba kizima, mweupe, umetulia. Kutoka kitandani zilitoka nyayo ndogo zisizo na viatu, kidole gumba cha kulia kimepinda, nazo zilikuwa za Bibi kwa vyovyote. Zilikwenda moja kwa moja hadi mlangoni. Kisha zilirudi, na ziliporudi hazikuwa peke yake. Kando yake, ubavu kwa ubavu, ulikuja mburuzo mpana na laini, kama wa kitu kilichotambaa kwa tumbo, hadi kitandani, upande wa nje. Nyoka alikuwa pale. Tumbo lake lilikuwa jeupe kwa unga.

Nilimshika shangazi nguo. Hakuniambia nimwachie.

Bibi alifumbua macho nusu. Hakututazama sisi. Aliitazama sakafu, akatazama mahali palipo wazi kando yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na jambo la kila siku:

"Unga tena. Si nimekwambia ukung'ute koti nje?"

Mimi nilikuwa nahesabu hatua za kufika barabarani. Shangazi alivua viatu, akapita juu ya unga akakaa kitandani.

"Bibi. Unaongea na nani?"

"Na nani tena?" Kisha macho yakafunguka yote, akatuona, akaona sakafu, akakumbuka ni yeye aliyeinyunyiza. Aliziangalia nyayo zake mwenyewe kwa muda mrefu. Kidole chake gumba kilichopinda kilisogea chini ya blanketi, kama mtu anayejificha akaitwa.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Unaamka kufanya nini?"

"Kumfungulia." Alisema kama vile ingekuwa ajabu kufanya kitu kingine. "Alikuwa anarudi saa ambayo hata jogoo hajajua. Anabisha kwa kidole kimoja, asiamshe mtoto. Naamka, nafungua, narudi kulala. Miaka arobaini, mwanangu, macho yangu hayakuwahi kufunguka saa hiyo. Miguu ndiyo ilikuwa inajua njia."

"Na ukishafungua, hufungi?"

Bibi alimtazama kwa mshangao. "Kufungua ni mimi. Kufunga ni yeye. Hatukukaa kikao, ilikuja tu. Nilikuwa nikisikia komeo linaingia, ndipo usingizi unakuwa wa kweli."

Hapo nikaona uso wa shangazi ukibadilika. Aliutazama ule msumari mtupu karibu na kitanda. Kisha akautazama mlango.

"Koti lilikaa pale miaka miwili," alisema.

"Pale pale."

"Na miaka miwili hukuamka."

"Sikuamka. Nimuamkie nani? Alikuwa ndani." Mkono wake ulikwenda mdomoni.

"Nimemtoa mimi," shangazi alisema. "Nimelichukua koti la mzee ndani nikaliweka mlangoni, na macho juu. Nimemsimamisha mume wako mlangoni kwenye baridi, halafu nashangaa kwa nini unamfungulia."

Alimfumua nyoka pale pale juu ya kitanda. Vipande vya koti alivitoa kimoja kimoja bila kurusha hata kimoja sakafuni, akavishona ndani ya mto mrefu, akaulaza mto upande wa nje wa kitanda. Vifungo aliving'oa akampa Bibi mkononi, na Bibi akavitia chini ya mto wake wa kichwani. Yale mapazia yetu yaliyokuwa yamenusurika hayakunusurika tena. Nyoka alijazwa mapazia, akalazwa mlangoni bila macho.

"Kipofu hana pa kwenda," shangazi alisema, lakini hakucheka. "Nyunyiza unga leo pia. Nataka nione kwa macho yangu."

Jumapili mwanawe alifika kabla ya saa mbili. Tulimkuta amesimama nje ya mlango, mikono mfukoni, gari lake nyuma limeachwa mlango wazi tayari kwa mizigo. Shangazi alimweleza yote kwa kifupi. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza mteja anayeeleza friji inavyonguruma, bila kuamini wala kukataa.

"Tuone namba," alisema. Akabisha, kwa kidole kimoja. Sidhani kama alijijua.

Sauti ya Bibi ikatoka ndani: "Sukuma tu, mbona kuko wazi. Jana nilimaliza kunyunyiza unga, nimeshapanda kitandani, ndipo nakumbuka komeo sijatia. Nikasema sishuki tena kuharibu kazi ya fundi."

Alisukuma. Mlango haukusogea. Akasukuma kwa bega.

"Mama, umefungwa."

"Haujafungwa."

"Nakwambia umefungwa."

Tukasikia blanketi likitupwa, nyayo zikija, kisha zikasimama. Zilisimama muda kidogo. Halafu tukasikia chuma kikivutwa kwa shida, komeo kuukuu lenye kutu ambalo hulia likitoka kama linavyolia likiingia, na mlango ukafunguka.

Joto lilitugusa usoni kabla ya kitu kingine. Sakafuni unga ulikuwa haujaguswa, laini kama ulivyochekechwa, isipokuwa mstari mmoja wa nyayo mpya kutoka kitandani hadi pale Bibi alipokuwa amesimama. Hazikuwapo nyingine. Nyoka tulimkuta mlangoni, amesukumwa pembeni kidogo na mlango wenyewe. Mto ulikuwa kitandani.

Fundi friji hakuingia kwanza. Aliinama akalishika komeo, akalirudisha, akalitoa, mara tatu. Kila mara ilimbidi akaze mkono.

"Hili halijifungi lenyewe," alisema.

"Labda nililitia nikasahau," Bibi alisema.

"Labda," shangazi alisema.

Mwanawe alivua viatu, akapita pembezoni mwa ukuta asikanyage unga, akasoma kipimajoto. Mimi nilikuwa nimeshakisoma toka mlangoni, maana nina macho mazuri. Kumi na sita na nusu. Alikaa kitandani upande wa ndani, mkono wake ukagusa ule mto, akaunusa kidogo, na nikageuka kutazama nje kwa sababu kuna mambo ambayo si ya kutazamwa.

Baadaye alikwenda kufunga mlango wa gari. Kipimajoto alikiacha ukutani. Alipokuwa anaaga alimwomba shangazi amshonee nyoka wa kwake, ila wa mapazia tu.

Shangazi bado anazunguka na udi wake. Bado anang'oa vifungo. Ila siku hizi akiletewa nguo ya mtu aliyetangulia, kabla ya kushika mkasi anauliza swali moja ambalo huwashangaza wateja: huyu mwenyewe, humu nyumbani, kazi yake ilikuwa ipi? Wengine wanasema alikuwa anazima taa. Wengine, anachota maji. Mmoja alisema mume wake hakuwa na kazi yoyote, na shangazi akasema basi huyo anafaa kwenye dari.

Mimi bado napita nyumba ya kona nikienda shule, ingawa sina tena sababu ya kuandika namba. Bibi hakohoi. Ameniambia hatii tena komeo usiku, na nilipomuuliza haogopi, alinipiga kofi dogo la shavuni.

"Hiyo si kazi yetu, mke mwenzangu."

Kila asubuhi nausukuma mlango kwa kidole kimoja, taratibu. Kila asubuhi umefungwa.